Taa ya kuotea kwa kinyonga: ipi ya kununua Mwanza na ipi ya kuiacha dukani

Kwa mwenye haraka: nunua globu ya kawaida ya wati 40 au 60, holda ya udongo, kofia ya bati ya kufunika taa, taima ya kuchomeka ukutani na kipimajoto cha dijitali chenye waya. Vitu hivyo vitano vinamtosha kinyonga anayefugwa Mwanza kwa upande wa joto, na hakuna hata kimoja cha kuagiza nje ya nchi. Pesa itakayobaki iende kwenye tyubu ya UVB, yaani taa ya miale isiyoonekana ya jua inayomjengea kinyonga mifupa, maana hiyo ndiyo isiyo na mbadala kwenye duka la kawaida la vifaa vya umeme. Taa nyekundu ya vifaranga, ambayo wengi huelekezwa kwanza kwa kuwa haikosekani kwenye maduka ya pembejeo, iache hapohapo.

Neno moja la sheria kabla ya vifaa. Kinyonga ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 kumfuga kunataka kibali. Aliyemtoa kwenye mpera wa jirani akamfungia sebuleni hajawa mfugaji. Tathmini hii ni ya mwenye karatasi zake.

Taa huongeza tu

Mwanza haina baridi ya kumtisha kinyonga. Jiji liko mita zipatazo 1,140 juu ya usawa wa bahari, digrii mbili na nusu kusini mwa Ikweta, na mchana wake mara nyingi hucheza kwenye nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi. Ubaridi uko alfajiri, hasa Juni hadi Agosti, ambapo joto laweza kushuka hadi nyuzi 15 au 17. Usiku wa namna hiyo haumdhuru. Kinyonga hulala vizuri zaidi kukiwa na ubaridi na giza totoro. Shida ni akiamka. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha kujipasha wenyewe, na tumbo lililopoa halisagi chakula. Ulimi utafyatuka vilevile hata kukiwa na baridi, lakini kuurudisha mdomoni na panzi wake kunakuwa kwa uzito. Kwa hiyo anahitaji kuota asubuhi, kwa muda wa saa moja hadi tatu hivi, kisha ashuke majanini aendelee na siku yake.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea, na maboksi ya taa hayawasaidii. Taa haina joto maalumu inalompa kinyonga. Inaongeza nyuzi kadhaa juu ya joto ambalo chumba tayari kinalo. Tuseme taa yako, kwa umbali ulioiweka, inaongeza nyuzi 8. Saa 1:30 asubuhi chumba kina nyuzi 20, tawi la kuotea litakuwa na 28: vizuri kabisa. Taa hiyohiyo ikiachwa mpaka saa 8 mchana ndani ya chumba cha bati kisicho na dari, kule kwenye miteremko ya Bugarika au Mabatini, chumba chenyewe kinaweza kuwa na nyuzi 31. Tawi sasa lina 39. Kizimba ni kilekile na taa haijaguswa, ila kinyonga yuko kwenye hatari ya kufa.

Kwa sababu hiyo maelekezo ya wafugaji wa Ulaya na Marekani, wanaoacha taa saa 12 mfululizo kwenye vyumba vya nyuzi 20, hayachukuliwi yalivyo. Kwa Mwanza taa iwake saa 1:30 asubuhi, izimike saa 4 au 4:30. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kukiwa na siku ya mawingu kutwa, rudisha nusu saa au saa nzima alasiri. Mchana wa jua kali usiiwashe kabisa.

Joto la kulenga, likipimwa pale mgongo wa kinyonga unapokaa: kinyonga wa huku kwetu mwenye ngozi inayoning'inia shingoni, Chamaeleo dilepis, nyuzi 28 hadi 31. Dume wa kinyonga wa Yemeni, Chamaeleo calyptratus, 29 hadi 32. Jike wake 26 hadi 28, kwa kuwa akipashwa sana na kulishwa sana hutaga mayai mengi kupita uwezo wa mwili wake. Yule wa Madagaska, Furcifer pardalis, 29 hadi 31. Mwenye pembe tatu wa milima ya Kenya na Mlima Meru, Trioceros jacksonii, 26 hadi 28, na huyu kwa kweli chumba cha bati Mwanza si mahali pake. Watoto wa aina zote wasizidi 27 au 28, kwa kuwa mwili mdogo hupata joto upesi.

Globu ya kawaida

Hii ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza, na si kwa sababu ya bei peke yake. Globu ya waya wa tangsteni hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto, na hicho ndicho kilichoiponza kama taa ya nyumbani. Joto lake linatoka pamoja na mwanga mweupe wa njano kidogo, na kinyonga anauelewa: palipo na mwanga mkali juu ndipo pa kujipasha. Joto lisilo na mwanga halielewi.

Kwa kizimba cha wavu cha sentimita 60 kwa 60 kwa kimo cha 120, ambacho ndicho kipimo cha kinyonga mkubwa wa Yemeni au wa Madagaska, anza na wati 60. Kwa kizimba cha 45 kwa 45 kwa 90, anza na wati 40. Umbali kutoka globu hadi mgongo usipungue sentimita 20; bora 25. Ikiwa joto halifiki, usiikaribishe globu. Ongeza wati. Globu ndogo iliyo karibu sana huunguza sehemu moja ya mgongo huku tumbo likiwa bado la baridi. Kubwa kidogo iliyo mbali inatandaza joto mwili mzima. Ukipata ile yenye kioo cha fedha kwa ndani, inayomulika upande mmoja, chukua hiyo, na hapo kofia hailazimiki.

Ubaya wake ni upatikanaji. Maduka mengi ya vifaa vya umeme sasa yamejaa LED, na muuzaji atakupa LED yenye umbo lilelile la globu akiamini kakusaidia kuokoa LUKU. LED haiwezi kumwotesha kinyonga. Joto lake liko kwenye kitako chake, huku mbele ukitoka mwanga mtupu. Maduka yetu yana desturi nzuri ya kukujaribishia globu kabla hujalipa, itumie. Iwashwe dakika moja, weka kiganja sentimita 20 chini yake. Kama husikii joto, hiyo si yenyewe. Angalia pia kitako: cha kuzungusha au cha pini mbili, vyote viko sokoni, na holda lazima ifanane nacho.

Kingine cha kujua ni kwamba globu hii hufuata umeme unavyopanda na kushuka. Imetengenezwa kwa volti 230. Zikishuka hadi 200, globu ya wati 60 inafanya kazi ya kama wati 48. Zikipanda hadi 250, inafika wati 68 hivi na umri wake unapungua sana. Mitaa yenye umeme unaoyumba itaona kipimajoto kikicheza bila sababu nyingine. Umeme ukikatika kisha ukarudi kwa kishindo, globu ndiyo ya kwanza kwenda, kwa hiyo weka mbili za akiba. Kifaa kile cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite, kinaifaa taa hii bila marekebisho yoyote.

Gharama ya kuiwasha ni ndogo. Wati 60 kwa saa tatu kwa siku ni yuniti 5.4 kwa mwezi.

Halojeni

Kwa ubora wa joto, halojeni inaishinda globu ya kawaida. Miale yake ya joto inaingia ndani ya mwili kidogo badala ya kuishia juu ya ngozi, na hapo inakaribiana na jua. Inafaa kwa dume mkubwa na kwa chumba chenye hewa nyingi. Lakini ina masharti. Chukua yenye mwanga mpana; ile ya kumulika kitu kimoja dukani ina doa dogo la joto kali katikati na sentimita kumi pembeni hakuna kitu. Wati 50 zinatosha, umbali wa sentimita 30. Vile vijitaa vidogo vya darini vya miguu miwili visahau.

Halojeni inapendeza zaidi ikiwa na dima, kitufe cha kupunguza mwanga. Soma maandishi ya dima kabla ya kununua: nyingine hazifanyi kazi sawasawa chini ya wati 40 au 60, na nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya LED tu. Riguleta ya feni ya darini si dima, hata fundi akikuambia inawezekana. Usiguse kioo cha kapsuli ya halojeni kwa vidole vitupu. Mafuta ya mkono huacha alama inayopata moto kupita sehemu nyingine na kioo hupasuka. Ile iliyofunikwa kioo kinene cha nje haina shida hiyo.

Taa nyekundu ya vifaranga

Ni bidhaa nzuri kwa kazi yake. Kazi yake ni kupasha vifaranga mia sakafuni kutoka kimo cha nusu mita au zaidi, ndiyo maana nyingi zina wati 150 hadi 250. Ukiiweka juu ya kizimba cha kinyonga, tawi la juu linakuwa jiko. Kinyonga mwenye mwili wa baridi hukaa chini ya joto hilo akingoja tumbo lipate moto. Wakati tumbo linapata, ngozi ya mgongo na ya upanga wa kichwa, ile nundu iliyochongoka juu ya kisogo, imeshaiva. Wekundu nao si jambo dogo: kinyonga anaona rangi vizuri sana, na kumwekea ulimwengu mwekundu kutwa ni kumharibia. Wanaoiwasha usiku “asipate baridi” wanamnyima usingizi.

Halafu hesabu ya LUKU. Wati 250 kwa saa 12 ni yuniti 3 kwa siku, yaani 90 kwa mwezi. Mteja wa nyumbani wa tarifu ya D1, ile ya bei nafuu, ana kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi kwa matumizi yake yote. Taa moja ya kinyonga itamtoa kwenye bei nafuu.

Vingine viwili kwa ufupi. Kipashajoto cha kauri kisicho na mwanga hakina kazi Mwanza. Uso wake hupita nyuzi 200, kinyonga haoni chochote cha kumtahadharisha, na usiku wetu hauhitaji kupashwa. Taa ya mvuke wa zebaki, inayouzwa mtandaoni kama joto na UVB kwa pamoja, haikubali dima, inazimika volti zikishuka, na ikizimika haiwaki tena mpaka ipoe. Kwa umeme wa kukatikakatika ni kero tupu, na kwenye kizimba cha kimo cha sentimita 90 inaunguza.

Holda, kofia na kizimba

Holda ya plastiki chini ya kofia hukauka, hupasuka, kisha waya hugusana. Nunua ya udongo. Waya uwe wa kuvumilia joto kwa sentimita 30 za mwanzo, na uzito wa taa ubebwe na mnyororo, si waya wala klipu. Klipu zinaachia, taa ikidondokea kwenye wavu wa plastiki hakuna atakayeuliza sababu ya moto. Kofia anakutengenezea fundi bati yeyote: kipenyo cha sentimita 18 hadi 20, ndani pawe peupe au pang'avu, na matundu matatu au manne juu ya kupumulia. Bati lililopakwa rangi ndani likatae, rangi itatoa moshi.

Kizimba chenyewe mpe fundi wa madirisha ya aluminiamu, anayekata fremu kila siku na kufunga wavu wa mbu. Jambo la kumkumbusha ni moja: wavu wa juu uwe wa aluminiamu au chuma. Wavu wa kijivu unaofungwa madirishani mara nyingi ni nyuzi zilizofunikwa plastiki, na chini ya taa hulegea, hunuka, hutoboka. Pande na mlango zinaweza kuwa na huo wa kawaida. Usikubali kizimba cha kioo kwa hali ya hewa ya hapa. Hewa inasimama na joto halina pa kutokea.

Taa isikae juu ya wavu moja kwa moja. Inyanyue sentimita 5 hadi 10. Kinyonga hupanda dari akaning'inia kichwa chini, na wavu uliopashwa unamchoma viganja. Upanga wa kichwa nao unakuwa umekaribia globu kuliko ulivyopima ukiwa umelitazama tawi tu.

Upande wa ziwa una jambo lake. Nyumba za Capri Point au Nyegezi zenye dirisha linaloelekea ziwani hupata upepo wa ziwa kuanzia karibu na adhuhuri na kuendelea alasiri. Kizimba cha wavu kilichokaa kwenye njia ya upepo huo hupoteza joto lote la tawi, mfugaji akaongeza wati, upepo ukatulia, kinyonga akaungua. Hamisha kizimba kwanza, wati baadaye. Jioni, taa yoyote iliyoachwa inawaka karibu na maji huita usubi wa ziwani kwa mawingu; wanaingia kwenye kofia, wanaungua juu ya globu, na harufu yake haitoki haraka.

Tawi

Mwanza watu wamezoea kuona mijusi wa majabali, Agama mwanzae, madume yenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, wakijianika juu ya mawe kuanzia asubuhi. Ndipo wengine humwekea kinyonga jiwe bapa chini ya taa. Mjusi yule hupata joto la jua kwa juu na la jiwe kwa tumboni, na anakimbia upesi akizidiwa. Kinyonga ni mnyama wa matawini, anajipasha ubavu kwa juu, na hana mbio. Jiwe halimsaidii.

Tawi la mpera ndilo tunalolipendelea: gumu, laini, halina utomvu, na lipo kila mtaa. Unene uwe kama wa kidole gumba, ili viganja vyake vilizunguke bila kukutana. Lilale mlalo, sentimita 20 hadi 25 chini ya taa. La pili liwe chini yake kwa sentimita 10, likiwa nje kidogo ya duara la mwanga, na la tatu liingie kwenye majani kabisa. Kinyonga atachagua mwenyewe. Ngazi hizo tatu zinamlinda kuliko kifaa chochote cha kuzima umeme. Usitumie mnyaa, ambao umejaa kwenye ua za Usukumani. Maziwa yake yanachoma macho. Matawi yenye gundi au utomvu wa kunata nayo acha.

Vipimo

Kipimajoto cha sindano kinachobandikwa ukutani mwa kizimba ni pambo. Kinasoma joto la ukuta, si la mgongo. Chukua cha dijitali chenye kihisio mwishoni mwa waya, ukifunge kihisio hicho sentimita 5 hadi 7 juu ya tawi la kuotea, kwenye mwanga, na usome baada ya dakika 45. Rudia saa 4, kabla taa haijazimika, siku ya jua kali. Usomaji huo wa pili ndio wa kuamulia umbali.

Bastola za kupima joto la paji la uso, zilizojaa mitaani tangu 2020, hazifai: zimepangwa kwa joto la mwili wa binadamu na zinarekebisha jibu. Ile ya mafundi, yenye kipimo cha uso wa kitu, inafaa sana kukagua tawi na wavu. Usimmulike nayo kinyonga machoni.

Taima ya kimakenika yenye meno ya dakika 15 ni nafuu, lakini umeme ukikatika kwa saa mbili, nayo inachelewa kwa saa mbili, na taa inaanza kuwaka mchana. Ya dijitali yenye betri ndani ni bora kwa hapa. Hakikisha plagi yake ni ya pini tatu za mraba, la sivyo utaishia kwenye adapta inayolegea.

Wapo wanaotumia themostati ya mashine ya kutotolea mayai, ile ya STC-1000 na ndugu zake. Inaweza, ila kama mlinzi tu. Ikipewa kazi ya kurekebisha joto muda wote huwasha na kuzima globu kila dakika chache, kinyonga haelewi kunapambazuka au kunakuchwa, na globu inakufa mapema. Ipange ikate kwenye nyuzi 33 na isirudishe mpaka zishuke kwa 3, kisha iache. Siku ya kawaida haitakiwi kufanya lolote.

Maji nayo yana ratiba yake. Nyunyizia kabla taa haijawaka, saa 1 asubuhi hivi. Tone la maji baridi kwenye globu ya moto linaivunja, na vipande vinadondokea tawini.

UVB

Joto peke yake halijengi mfupa. Bila UVB kinyonga hatengenezi vitamini D3, kalisi haishiki, miguu inapinda na taya linalegea. Dirisha la kioo halisaidii hata likielekea jua, kwa kuwa kioo cha kawaida huzuia karibu miale yote hiyo.

Bidhaa zinazoaminika ni tyubu ndefu za Arcadia ya asilimia 6 au Zoo Med ReptiSun 5.0, na hizi kwa kawaida ni za kuagiza. Ya T5 HO, yaani nyembamba na yenye nguvu, ya wati 24 ina urefu wa sentimita 55 hivi. Inawekwa juu ya wavu, kando ya taa ya kuotea, ili mgongo uwe sentimita 20 hadi 25 chini yake. Lengo ni kiashiria cha UV, yaani kipimo cha ukali wa miale, cha karibu 3 pale tawini. Inataka fremu yake yenyewe ya T5 HO. Inadumu mwaka mmoja kwa kazi hii, hata kama bado inawaka vizuri. Umeme wake, saa 12 kwa siku, ni yuniti 8.6 hivi kwa mwezi.

Wa bajeti ndogo atafute ya T8, iliyo nene zaidi, ya futi 2, wati 17 au 18. Faida yake ni kwamba inaingia kwenye fremu ya kawaida ya tyubu ya futi 2 yenye choki na stata, mradi si zile fremu mpya za tyubu za LED, ambazo hazina choki. Ni dhaifu zaidi: iwe sentimita 15 hadi 20, na ibadilishwe kila miezi sita. Za mviringo zinazofanana na globu za kuokoa umeme humulika eneo dogo mno; kinyonga akisogea kidogo yuko nje.

Na globu za bei poa zilizoandikwa “UVA+UVB” huku ndani kuna waya wa kawaida wa tangsteni? Ni globu za kuotea zenye maandishi ya uongo. Zitumie kama globu, usizihesabu kama UVB. Kibaya zaidi ni tyubu za kuua vijidudu za UVC, zinazouzwa kwa ajili ya kusafishia maji. Zina kioo kisicho na unga mweupe ndani, na baadhi zinaingia kabisa kwenye fremu ya futi 2. Zitampofusha kinyonga na kukuumiza macho wewe.

Jua la bure lipo. Mtoe nje akiwa ndani ya kizimba cha wavu, kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, dakika 20 au 30, mara tatu kwa wiki, nusu ya kizimba ikiwa kivulini. Jua la Mwanza hufika utosini karibu na saa 7 mchana, kwa sababu tuko magharibi mwa mstari wa saa tunayoitumia, kwa hiyo saa 5 bado linapanda. Kizimba kikae juu ya meza ya mbao chini ya mwembe. Kikikaa juu ya jabali tupu kinapikwa kwa chini.

Akisema haridhiki

Akipanua mdomo na kupauka, amezidiwa joto: zima sasa, mpulizie maji ya kawaida, na kesho inyanyue taa sentimita 5. Akijibanza chini majanini asubuhi yote, pima tawi. Huenda ni la moto mno kabla hujamshuku ugonjwa. Akiwa mweusi ubavu mmoja na kujibapa kuelekea taa kwa nusu saa, hapo anaota sawasawa. Akibaki mweusi mpaka saa 5 bila kushuka, joto halitoshi, au anaumwa. Akining'inia darini karibu na taa kila siku, joto au UVB imepungua. Angalia tarehe ya tyubu. Akifumba macho mchana baada ya kufungiwa tyubu mpya, ipandishe juu.

Kuungua huanza kama doa lililopauka kwenye mstari wa mgongo au kwenye upanga wa kichwa, na siku chache baadaye hugeuka gamba jeusi. Usipake dawa ya meno, mafuta wala asali. Zima taa, muweke kwenye chumba cha nyuzi 25 hadi 27, na umpeleke kwa daktari wa mifugo ukiwa na picha ya doa la siku ya kwanza na usomaji wa kipimajoto chako. Wengi wao wamezoea ng'ombe na kuku, na maelezo hayo mawili yanawaokolea kazi ya kukisia.

Tyubu ya UVB ikifika, andika tarehe kwenye kitako chake kwa kalamu ya wino usiofutika kabla hujaifunga. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kina vumbi, na vumbi juu ya tyubu hula miale. Ifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya wiki mbili ikiwa imezimwa na kupoa.